Watoto Wanne wa Jina Moja

Orodha ilinifikia jioni ya Jumatano, mwanzoni mwa Februari 2017. Nilikuwa ndani ya matatu ya kwenda Umoja, tumekwama kwenye mzunguko wa City Stadium, joto limetubana, makanga ananing'inia mlangoni akigombana na mwenye mkokoteni. Simu ikalia. Picha mbili kwa WhatsApp.

Ya kwanza ilikuwa karatasi iliyopigwa picha juu ya meza: majina ya watoto, shule zao na kiasi cha fedha, basari, yaani msaada wa karo, ya wadi moja ya mashariki mwa Nairobi. Majina manne yalikuwa yamezungushiwa wino mwekundu. Ya pili ilikuwa ya mama mmoja akiwa harusini, amevaa kitenge, anacheka. Alikuwa karani wa ofisi hiyo ya wadi, na watoto wale wanne walibeba jina lake la mwisho. "Watoto wa maskini wamefukuzwa shule," aliandika aliyenitumia, "na huyu anasomesha ukoo wake wote. Andika, mkubwa."

Nikaandika. Tulipofika Hamza nilikuwa nimemaliza.

Watu hudhani anayemuumiza mtu mtandaoni huwa na moyo mbaya. Mimi nilikuwa na hakika kwamba natetea wanyonge. Blogu yangu niliianzisha miaka mitano kabla, kwenye saiba moja ya Kayole kwa shilingi moja kwa dakika, nikiandika habari ambazo magazeti makubwa hayakuwa na nafasi nazo: mtaro ulioziba, zahanati isiyo na dawa, barabara iliyolipiwa mara mbili na bado ni vumbi. Nikiwa kidato cha pili nilikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Kwangu mimi basari ilikuwa kidonda ambacho hakijapona, na anayegusa kidonda cha mtu humpata akiwa tayari kupiga.

Tena wiki yenyewe ilikuwa ya shangwe. Jumatatu ile, tarehe 6, Mahakama Kuu ilikuwa imefuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai. Aprili 2016 kilikuwa kimeondoka kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, ambacho polisi walikitumia kuwazoa wanablogu kwa madai ya kutumia vibaya chombo cha mawasiliano. Sisi tuliokuwa tukiandika siasa tulikuwa tumeishi na hofu. Bogonko Bosire, mwanablogu wa Jackal News, alitoweka Septemba 2013 na hadi leo hajaonekana. Kwa hiyo Jumanne jioni tulikutana bustani ya Jeevanjee, watu kama kumi, tukanunua njugu, tukapongezana. Mmoja wetu akasema kalamu sasa imefunguliwa minyororo. Nililala na maneno hayo kichwani.

Niliweka jina la yule mama lote. Niliweka picha yake ya harusi. Niliweka kichwa cha habari ambacho sitakirudia hapa, na sababu nitaieleza. Kabla ya saa tatu usiku mtu akawa ameandika nambari yake ya simu chini ya makala. Niliiona. Ningeweza kuifuta mara moja. Nikaiacha, kwa sababu idadi ya wasomaji ilikuwa ikipanda huku nikiitazama, na nikajiambia kwamba mtumishi wa umma lazima apatikane na umma. Katika yote niliyofanya wiki ile, hilo ndilo linaloniamsha usiku. Orodha ningeweza kusema sikuielewa. Nambari ya simu niliielewa vizuri.

Kufikia asubuhi basari haikuwa hoja tena. Jina lake la mwisho lilitosha kuwaambia watu kwao ni wapi, na mwaka wenyewe ulikuwa wa uchaguzi. Wakaanza wale wa "hawa watu", "tabia yao tunaijua", "warudi kwao". Sisi tuliokuwa Nairobi Januari 2008 tunajua maneno ya aina hiyo hufika wapi. Watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini katika ghasia za baada ya uchaguzi, wiki zile. Na bado nilikuwa nikisoma maoni hayo nikiyahesabu kama watu wanaoniunga mkono. Mwingine akatafuta shule ya mtoto wake. Mwingine akachukua ile picha ya kitenge akaandika juu yake "mwizi" kwa herufi nyekundu, na hiyo ndiyo iliyozunguka zaidi kuliko makala yangu.

Ijumaa alinipigia mzee mmoja wa Buruburu ambaye namheshimu sana. Alikuwa amefanya kazi magazetini zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa kama mhariri msaidizi, mtu wa kusoma habari za wenzake na kuzitoa makosa. Mwaka 1986, watu walipokuwa wakikamatwa kwa jina la Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, na kushushwa kwenye vyumba vya mateso vya chini ya Nyayo House, yeye alikuwa mwandishi kijana, na baadhi ya aliowajua waliingia kule. Kwa hiyo si mtu wa kutetea serikali. Hakunisalimu kwa muda mrefu.

"Kijana wangu, nimesoma. Huyu mama ulimpigia akasema nini?"

"Mzee, ushahidi upo. Orodha yenyewe ipo."

"Sikukuuliza orodha. Nimekuuliza mama."

Nikanyamaza. Akaniambia nifungue ile picha, niikuze, nimsomee kilichoandikwa juu kabisa. Kichwa kilikuwa kimekatwa nusu na ukingo wa picha, lakini neno la mwisho lilionekana: WALIOOMBA. Ilikuwa orodha ya waombaji. Safu ya fedha niliyoichukulia kuwa mgao ilikuwa salio la karo, deni la kila mtoto shuleni kwake. Karatasi ile haikuonyesha mtu yeyote amepewa hata senti.

"Na hayo majina manne?" nikasema, kwa maana nilikuwa bado natafuta mahali pa kushika.

"Mke wangu anatoka kwao," mzee akasema. "Jina hilo maana yake amezaliwa usiku. Hapa nyumbani kwangu ninao wawili. Kwani usiku ni wa familia moja?"

Nimezaliwa na kukulia jiji hili. Nimepanga nyumba mlango kwa mlango na watu wa jamii ile, nimekula kwao, nimesoma nao. Jirani yangu wa ghorofa ya juu angeniambia maana ya jina hilo kwa dakika mbili. Sikumuuliza, kwa sababu maelezo niliyokuwa nayo yalinitosha, na yalinitosha kwa sababu yalilingana na nilichokuwa nimekwisha kuamini juu ya ofisi zote za wadi. Mwandishi akiona habari imenyooka hivyo, hapo ndipo asimame. Mimi hapo ndipo nilipoongeza mwendo.

Jumatatu nikaenda mwenyewe kwenye ile ofisi. Nauli shilingi hamsini. Orodha ya waliopewa ilikuwa imebandikwa ukutani nje, mtu yeyote angeweza kuisoma. Katika watoto wale wanne, mmoja tu ndiye aliyepata, na hakuwa na undugu na karani. Karani mwenyewe hakuwa mjumbe wa kamati iliyokuwa ikigawa. Kazi yake ilikuwa kupokea fomu na kupiga mhuri. Kijana aliyekuwa mapokezi aliniambia mama hajaonekana kazini tangu Alhamisi. Hakujua mimi ni nani, na sikumwambia.

Nikarudi nyumbani nikaandika marekebisho, na nikakosea mara ya pili. Niliandika takriban hivi: si kweli kwamba fulani aliwapa jamaa zake fedha za basari. Nikaweka picha yake tena ili watu wajue namzungumzia nani. Ndani ya saa moja wale ambao hawakuwa wamesoma ya kwanza wakasoma hii, na walichokibeba ni jina, picha na neno basari. Waliokuwa wamesoma ya kwanza wakauliza nimelipwa kiasi gani. Makala ya mwanzo ilikuwa imesomwa mara 61,000. Marekebisho yakasomwa mara 2,300, na sehemu ya hao walikuja kunitukana mimi na yeye pamoja.

Mzee akaniita kwake. Alikuwa amechapa ukurasa mmoja wa kanuni za maadili zilizoambatanishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013. Nilizijua kwa jina tu. Sikuwa nimeajiriwa na gazeti, sikuwa na kadi ya uandishi, na niliziona kama kanuni za wengine. Akanionyesha mstari aliouwekea alama kwa penseli: habari isiyo sahihi irekebishwe mara moja, na marekebisho yatoe taarifa iliyo sahihi bila kulirudia kosa, isipokuwa pale ufafanuzi unapodai. Nilisoma mara tatu. Walioandika mstari ule walikuwa wamekwisha kuona kosa langu likifanywa na watu walionitangulia. Tangu hapo nimeacha kuwaambia vijana kwamba kanuni za magazeti ni pingu za zamani. Nyingi ni kumbukumbu za watu walioumizwa na wino.

Tukaandika upya pamoja, mezani kwake, chai ikipoa. Kwanza, jinsi basari ya wadi inavyogawiwa, nani ana kura katika kamati, na orodha ya ukutani ilisema nini. Kisha, kwamba mimi nilisoma orodha ya waombaji nikaiita ya waliopewa. Jina la mama halikuwamo. Picha nikaitoa, kichwa cha zamani nikakibadilisha, nambari ya simu nikaifuta ikiwa imechelewa siku tano. Nikaiweka saa kumi na mbili jioni, saa ileile watu wanapokuwa ndani ya matatu na bando mkononi. Halafu nikaanza kuwaandikia waliokuwa wamenakili, kurasa kumi na saba, mmoja baada ya mwingine. Tisa walifuta. Wengine wakaniambia niwaachie, bado "inapiga".

Nilikutana na mama mwishoni mwa mwezi, kwa dada yake huko Dandora. Mke wa mzee ndiye aliyeomba kwa niaba yangu, na mama alikubali kwa sharti kwamba niende bila simu. Nilifikiri nitakuta mtu wa kunifokea. Alinikaribisha kiti, akaniwekea chai, akakaa kimya mpaka nikamaliza kuomba radhi. Halafu akaniuliza kama najua mtu hufanya nini na nambari ya simu.

Nambari ile alikuwa nayo miaka kumi. Ndiyo iliyokuwa M-Pesa yake. Ndiyo ambayo shule ya mtoto ilikuwa nayo, ndiyo aliyokuwa nayo mama yake kijijini kwenye kidaftari. Alikuwa pia mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanane, na michango ya kila wiki ilipitia nambari hiyo. Usiku wa Jumatano ilianza kulia na haikunyamaza. Wanaume asiowajua, saa tisa za usiku, wakimwambia watakachomfanyia. Alhamisi mchana akaizima. Wanawake wa chama wakawa wakipiga wanaambiwa mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa, huku kwenye simu zao kuna picha yake imeandikwa mwizi. Wewe ungefikiri nini? Wawili walikwenda nyumbani kwake wakamkuta hayupo, maana alikuwa amemhamisha mtoto usiku. Basi ikawa amekimbia na pesa za chama. Alirudisha kila shilingi wiki iliyofuata, na bado walimtoa.

"Wale wa mtandaoni siwajui," akaniambia. "Wakinitukana nitakufa nao? Lakini wale kumi na wanane nilizika nao wazazi."

Alikuwa amekwenda kituo cha polisi na simu mkononi, kuonyesha vitisho. Aliambiwa mambo ya simu ayamalize kwenye simu, arudi kesho. Hakurudi. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 35, inampa kila mtu haki ya kutaka habari isiyo ya kweli inayomhusu irekebishwe au ifutwe, na ya 33 inasema anayetumia uhuru wa kujieleza aheshimu haki na sifa za wengine. Mimi nilikuwa naikariri ile ya 33 kila nilipohojiwa, nikiishia katikati.

Nilimuuliza anataka nifanye nini. Akasema anataka picha ya harusi isionekane tena, kwa sababu ilikuwa harusi ya mdogo wake, na mdogo wake sasa anaona haya kuitazama. Ni hilo tu. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumuuliza.

Aliyenitumia ile orodha nilikuja kumjua baadaye, wakati wa kura za mchujo za Aprili. Alikuwa akimfanyia kampeni mtu aliyetaka kiti cha mwakilishi wadi, na karani alikuwa njia tu ya kulichafua jina la aliyekuwa madarakani. Nilikasirika kwamba nilitumiwa. Lakini kuna jambo lililoniuma zaidi. Baada ya kelele zile zote, hakuna aliyekuwa ameuliza kamati iliketi siku gani, ilikuwa na shilingi ngapi, na watoto ambao hawakupata walikataliwa kwa kigezo gani. Wenye kura kwenye kamati walipita pembeni wakiwa wakavu. Kumzomea karani kuliwafaa wao kuliko mtu mwingine yeyote.

Miaka michache baadaye nami nilionja. Niliandika juu ya zabuni ya kaunti, safari hii nikiwa na stakabadhi na majibu ya pande zote, na asubuhi nikaamka nikikuta jina langu linavuma pamoja na hashtegi, akaunti mpya zisizo na sura zikirudia sentensi moja neno kwa neno. Mwaka 2021 watafiti wawili, Odanga Madung na Brian Obilo, walitoa ripoti kupitia shirika la Mozilla kuhusu biashara hiyo hapa Kenya: vijana wanaopewa maneno ya kusambaza kwenye vikundi vya WhatsApp, wakilipwa kati ya dola 10 na 15, wawaandame majaji na wanaharakati. Nilipoisoma nilimkumbuka mama. Mimi nilikuwa na uwanja wa kujibu, wanasheria marafiki, na wasomaji walionijua. Yeye alikuwa na simu moja tu, ikazimwa.

Hapo ndipo wenzangu wengine huniambia: kama ndivyo, sheria kali si nzuri basi? Nimekataa, na nitaendelea kukataa. Tunayo sheria ya makosa ya mitandao ya mwaka 2018. Kifungu chake cha 23, cha habari za uongo, kilipotungwa kiliweza kumfunga mtu hadi miaka 10. Cha 27, cha kumsumbua mtu mtandaoni, kiliweka faini ya hadi shilingi milioni 20 au miaka 10. Kwa maandishi, cha 27 kingeweza kumlinda mama yule, kama kingekuwapo mwaka 2017. Lakini tazama nani anafikiwa haraka na mkono wa dola. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu wa miaka 31, alikamatwa kwao Homa Bay kwa chapisho lililomhusu naibu inspekta jenerali wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na akafa akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Kwanza polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa na shingo iliyokandamizwa. Mkubwa alipolalamika, gari lilitoka Nairobi hadi Homa Bay. Karani alipolalamika aliambiwa arudi kesho.

Kwa hiyo ninaposema tujichunge, simaanishi tupunguze sauti mbele ya wenye vyeo. Waziri, gavana, inspekta jenerali wa polisi wana wasemaji, wana kamera zinazowafuata, wana bunduki. Waulizwe kwa ukali. Ninachouliza siku hizi kabla ya kuandika jina la mtu ni kama anaweza kunijibu kwa sauti inayolingana na yangu. Kama hawezi, basi mimi ndiye mwenye nguvu hapo, hata kama nimeketi kwenye matatu ya shilingi hamsini. Na simu lazima ipigwe. Nimekuta habari nne au tano zikinifia mkononi kwa sababu ya simu moja, na nyingine zikikua mara mbili, maana mtu akiulizwa kwa adabu husema mambo ambayo hakuna orodha iliyovuja ingekwambia.

Kila Februari natafuta ile picha ya kitenge. Zile kurasa nane zilizokuwa zimebaki zimepungua polepole. Nyingine zilikufa zenyewe, nyingine wenyewe walikua wakapata watoto, wakanielewa. Mwaka huu umebaki ukurasa mmoja. Mwenyewe hajibu barua pepe wala ujumbe, lakini nimeambiwa ana duka la simu pale Luthuli Avenue, ghorofa ya pili, karibu na ngazi. Jumatatu asubuhi nitapita, kabla wateja hawajaanza kujaa.